Kubomoka na Kubomolewa: Uhakiki wa Hoja katika Mzozo wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Vibiana

Uhakiki huu wahusu hoja zilizotolewa katika mzozo juu ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Vibiana, mjini Los Angeles, Marekani. Mzozo wenyewe umekwisha, ila hoja zake hurudiwa kila mahali ambapo shirika la dini ndilo mwenye jengo la kale. Sisi wanaisimu tutazipima kwa chombo tulicho nacho, yaani mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili.

Kwanza, tukumbushe matukio. Jengo hilo, kazi ya msanifu Ezra Kysor, lilitabarukiwa mwaka 1876, na mwaka 1963 jiji likaliandika katika orodha ya majengo yake ya kihistoria. Tetemeko la ardhi la Northridge, tarehe 17 Januari 1994, lililiharibu, na baadaye likafungwa. Jimbo kuu, chini ya Kardinali Roger Mahony, likaazimia kuliangusha na kujenga jipya mahali palepale. Jumamosi tarehe 1 Juni 1996 mafundi walianza kuuvunja mnara wa kengele bila kibali cha jiji. Los Angeles Conservancy, shirika linalotetea majengo ya kale, likakimbilia mahakamani, na kazi ikasimamishwa kwa amri ya hakimu.

Hoja ya kwanza ya jimbo ilikuwa usalama: jengo limeharibika, nalo ni hatari kwa watu. Kwa Kiswahili, hoja hii yasema kwamba jengo limebomoka. Kiambishi -k- huonyesha hali tu. Hakimtaji mtenda, wala hakimpi nafasi ya kutajwa. Mtu akisema ‘kanisa limebomoka na askofu’, msikilizaji ataelewa kwamba askofu naye ameanguka pamoja na kuta! Lakini ‘limebomolewa’ hudai jibu: na nani? Kiswahili cha hapa Lubumbashi, kinachopenda zaidi kuvunjika na kuvunjwa, kina tofauti hiyohiyo. Tusilidhulumu jimbo: tetemeko lilikuwa la kweli, nyufa zilikuwa za kweli, na gharama ya ukarabati ilikuwa mzigo wa mwenye jengo, si wa watetezi wake. Hata hivyo, nyufa ni kazi ya tetemeko. Kuvunja mnara ni kazi ya watu walioagizwa. Jengo hilo baadaye liliimarishwa, na lasimama hadi leo. Basi lilikuwa na ugonjwa, halikuwa maiti. Kosa la hoja ya usalama ni kukitumia kitenzi cha tetemeko ili kuficha kitenzi cha mtu.

Hoja ya pili husikika katika kila mzozo wa namna hii: Kanisa ni watu, si mawe. Wakatoliki wengi wa kwetu huielewa upesi, kwa sababu wana neno Eklezya kwa ajili ya jumuiya ya waamini, na kanisa kwa ajili ya nyumba. Kiimani hatuna la kuipinga. Kimantiki, lakini, inajipinga yenyewe inapoambatana na dai la uhuru wa dini. Mtetezi akiomba mawe yahurumiwe, huambiwa kwamba mawe si Eklezya. Serikali ikidai kibali cha kuyavunja, huambiwa kwamba inaingilia mambo ya Eklezya. Mawe hayawezi kuwa si kitu asubuhi na kuwa dini jioni.

Je, watetezi wa jengo hawana lawama? Wanayo. Wao hupenda kusema jengo limehifadhiwa, kisha huishia hapo. Jimbo lilihamia kiwanja kingine, likajenga kanisa kuu jipya, kazi ya Rafael Moneo, lililotabarukiwa mwaka 2002. Masalia ya Mtakatifu Vibiana yalihamishiwa huko. Jengo la kale liliuzwa, na sasa ni ukumbi wa karamu na maonyesho. Kuta zimebaki, sala imeondoka. Hapa yafaa kuuliza kwa kauli ya kutendea: limehifadhiwa, sawa, lakini limehifadhiwa nani? Aliyebatizwa humo akitaka kuingia leo, huingia kama mgeni wa arusi ya mtu. Twaamini kwamba hasara hiyo ni ndogo kuliko kifusi, kwani ukumbi waweza kurudi kuwa nyumba ya sala, na kifusi hakiwezi. Lakini ni hasara, na yapasa itajwe.

Swali hili latuhusu sisi pia. Nchini mwetu, sehemu kubwa ya majengo ya kale ni mali ya misheni. Mfano ni Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, kituo ambacho Mapadri Weupe walikipokea mwaka 1885. Tunayo sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Sheria, lakini, huhitaji mtenda wa kumshika, na taarifa zetu mara nyingi humficha. Kwa hiyo twawaomba wanafunzi wanaokusanya historia ya misheni wasiridhike kuandika ‘kanisa la zamani lilibomoka’. Wakihakikisha kwamba mvua au tetemeko ndilo lililoliangusha, waandike hivyo. La sivyo, waandike lilibomolewa na nani, mwaka gani, kwa idhini ya nani, na kama waamini waliokuwa wakisali humo waliulizwa.