Uvuvi ni Kurudi

Katika fuo za Ziwa Victoria huko Homa Bay na Migori, nchini Kenya, sifa ya mvuvi wa omena, yaani dagaa, hupimwa alfajiri, kwa wingi wa samaki anaoshusha. Kipimo hicho kina haki yake. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi unapokuwa mdogo au haupo, kwa taa zinazoelea juu ya maji ili wadudu na samaki wavutwe na mwanga. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa sola. Kujua lini kundi limekusanyika vya kutosha, kuuzungusha wavu bila kulitawanya, kisha kuuvuta kwa pamoja mashua isiyumbe, ni kazi ya jicho, mkono na subira. Hata hivyo, kipimo hicho kimeiacha nje sehemu kubwa ya ufundi wenyewe. Anayejua kuvua na hajui kurudi amejifunza nusu ya kazi. Kuchagua usiku wa kutoka, kukagua chombo, kuvaa jaketi la kuokoa maisha na kukubali kugeuza mashua wavu ukiwa mtupu: hayo ni kiini cha uvuvi, na yanastahili kusifiwa, kufundishwa na kulipwa sawa na uvuaji.

Ushahidi wa kwanza ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu, lakini upepo na mawimbi havijui mpaka. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu yakajengeka juu ya nyanda za Kisii na vilima vya Gwassi. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, na upepo huteremka kuingia ziwani kutoka kila upande. Pepo hizo zinapokutana juu ya maji, hewa hupaa na dhoruba huzaliwa, saa zile zile ambazo mvuvi wa omena yuko kazini. Tena, kwenye ufuo wa Kenya upepo huo wa usiku hutoka mashariki, kwa hiyo mashua iliyozimika injini nje ya Sori au Muhuru Bay hupelekwa kilindini, mbali na nyumbani. Mwaka 2016 mwanasayansi Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba dhoruba kali za ziwa hili zitazidi makali kadiri dunia inavyopata joto. Utafiti wao pia ulihusisha dhoruba za mchana juu ya nchi kavu na zile zinazofuata ziwani usiku. Maana yake kwa nahodha ni ya wazi: anga ya alasiri juu ya milima ni habari kuhusu usiku wake, na kuisoma ni sehemu ya kazi kama kushona wavu ulioraruka.

Baada ya anga huja chombo. Mashua ya mbao hujengwa juu ya mkuku, mbao zikapindwa na kupigiliwa misumari kwenye mataruma, kisha viungo vikakalafatiwa ili maji yasipenye. Kalafati hulegea, msumari huliwa na kutu, na ubao uliopasuka kidogo mchana hupasuka zaidi ukipigwa na wimbi usiku. Fundi hodari hugonga ubao na kusikiliza, hukagua mashimo ya misumari, na hahesabu chombo kuwa kizima kwa sababu tu kilirudi jana. Nahodha naye huangalia kiasi gani cha ubavu kitabaki juu ya maji mashua ikibeba watu, injini, nyavu, taa na samaki, kwa kuwa chombo kilichozama sana kwa uzito hujazwa na wimbi la kawaida. Kisha huja vitu vidogo: makasia hata kama kuna injini, mafuta ya akiba, kopo la kutolea maji, tochi, filimbi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa vizuri, ambao unaweza kumweka mtu juu ya maji. Aliye na ufundi anajua pia kwamba mashua ya mbao iliyojaa maji mara nyingi hubaki ikielea; kuishikilia ni salama kuliko kujaribu kuogelea kuelekea taa za ufuoni zinazoonekana karibu na kumbe ziko mbali.

Mafunzo ya namna hii yamekomaa sana mahali pengine, kwa watu wanaokabili hatari tofauti kabisa. Katika milima ya Alps, wanaopanda kwa skii nje ya njia zilizotengwa huogopa maporomoko ya theluji. Kila mmoja hubeba kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo la kufukulia. Kabla ya kutoka husoma taarifa ya hatari yenye ngazi tano. Huko Uswisi hutolewa na taasisi iliyoko Davos. Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kuishi akitolewa ndani ya dakika kumi au kumi na tano za kwanza; baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka. Helikopta mara nyingi huchelewa, kwa hiyo mwokozi ni mwenzako aliye karibu. Ziwani pia ni hivyo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani wa Kenya kiliundwa mwaka 2018, na kuwepo kwake ni jambo jema, lakini usiku nyuma ya Mfangano au karibu na Migingo msaada wa haraka ni watu walio katika mashua yako na mashua iliyo jirani. Ipo tofauti moja, nayo inatutia nguvu. Theluji humpa mtu dakika. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo joto lake huwa karibu nyuzi 25, humpa saa kadhaa, mradi aelee. Jaketi lina thamani kubwa zaidi hapa kwetu, kwa kuwa linaweza kumfikisha mtu asubuhi, mashua nyingine zikampata.

Wapo watakaojibu kwamba ajali haina kinga, na kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hizi zina busara yake: hufariji waliofiwa na kuwazuia watu wasimlaumu marehemu. Zimewekwa kwa ajili ya baada ya msiba. Anayezitumia kabla ya safari amezitoa mahali pake. Kiswahili kile kile kimetupa tahadhari kabla ya hatari. Tazama kilichotokea Septemba 2018 huko Ukara, Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati na kuua watu zaidi ya 220. Kilikuwa kimejaza abiria kupita uwezo wake. Uamuzi wa nani apande ulifanywa na binadamu, chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Kwa ziwa zima, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka. Hata tukiyachukua kama makadirio tu, hatuwezi kuviita vifo vyote hivyo bahati mbaya.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Jaketi huuzwa, na usiku usiotoka hauna mapato. Mapato ya mashua hugawanywa gharama zikishatolewa. Mwenye mashua, ambaye mara nyingi hulala nyumbani, ana fungu lake, na wafanyakazi wana lao. Asiyetoka hana fungu, na usiku wa giza katika mwezi ni wa kuhesabika. Kumwambia kijana mwenye deni la dukani kwamba abaki ufuoni ni rahisi kwa asiyemlisha mtoto wake. Nakubali uzito wa hoja hii, na ndiyo sababu sitaki mzigo huu umwangukie kibarua peke yake. Bei ya jaketi haifikii bei ya wavu wa omena, sembuse injini. Lihesabiwe pamoja na mafuta na taa, litolewe kwenye gharama za mashua kabla ya kugawana. Wengine husema jaketi lina joto na hunasa kwenye wavu. Ni kweli kwa majaketi mazito yasiyo na kipimo cha mtu. Dawa yake ni kuchagua lililoachia mabega na mikono, na kulijaribu kwenye maji ya magoti ili kuona kama sifongo yake inaelea au inanywa maji. Jaketi lililokaa chini ya ubao halitapatikana mashua ikipinduka gizani.

Pingamizi la tatu ni la wazee wanaosema utabiri wa serikali hukosea. Hukosea, ndiyo, na hata macho ya mzee hukosea. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulifanya kazi na idara za hali ya hewa za nchi za ziwa, ya Kenya ikiwamo, kuboresha tahadhari kwa wavuvi. Mzee hujua ghuba yake na mawimbi ya mlango wake. Setilaiti huona wingu linalojengeka upande wa pili ambao jicho halifiki. Nahodha aliyepata habari zote mbili ana sababu ya kuziheshimu zote, na zikipingana achague ile inayoonya.

Vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo tunavijua kama BMU, vina nafasi ya kuufanya ufundi huu kuwa desturi. Viweke daftari la nani ametoka na anatarajiwa saa ngapi, visome utabiri hadharani kabla ya jua kutua, na visiache nahodha aliyegeuza mashua achekwe. Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Vijana huiga kinachosifiwa ufuoni. Tukisifu uzito wa samaki peke yake, tutakuwa tumewafundisha kutoka katika kila hali ya hewa. Nahodha aliyerudisha watu wake wote na omena kidogo ameutekeleza ufundi wake kikamilifu, na sifa zake zinapaswa kusikika ufuoni kama za yule aliyejaza mashua.