Baiskeli ya Antonio na Pesa Zilizofukiwa

Wapenzi wengi wa sinema za kale za Kitaliano, zile za nyeusi na nyeupe, wakiulizwa kwa nini zinawatoa machozi watajibu: kwa sababu zinaonyesha umaskini wa kweli, mitaa ya kweli, na watu ambao kuigiza si kazi yao. Jibu hilo ni zuri lakini halitoshi. Sisi wa Bungu ushahidi tunao karibu kabisa, katika milima hiihii ya Usambara, upande wetu huu wa Korogwe.

Pale Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walikiendesha, sehemu kubwa ya fedha ikitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa sinema 35. Waigizaji walikuwa wenyeji na mandhari yalikuwa ya hukuhuku. Sauti iliwekwa kwenye santuri, kisha lori likazungusha sinema hizo Tanganyika, Kenya, Uganda na hata Nyasaland. Kwa upande wa fani, basi, Vugiri iliwatangulia Wataliano kwa takriban miaka kumi! Mbona hatuzililii?

Tazama ile iliyohusu akiba ya posta. Mfanyakazi wa shamba anapokea mshahara, anaufukia chini, mwizi anaufukua. Mwenzake aliyepeleka zake benki ya posta yu salama salimini. Hadithi imekwisha, somo limeingia. Na yule aliyeibiwa? Shauri yake, nani alimwambia afukie?

Sasa mtazame mwizi mwingine, katika *Ladri di biciclette*, yaani Wezi wa Baiskeli, aliyoitengeneza Vittorio De Sica mwaka 1948. Antonio, ambaye hana kazi, anapata kibarua cha kubandika mabango mjini Roma, sharti awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe, Maria, hasemi mengi: anatandua mashuka ya kitandani na kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Tunamwona mtumishi wa duka akiupanda ukuta wa mafurushi ya mashuka yaliyorundikwa karibu yafike darini. Hakuna anayetamka neno "umaskini". Kila furushi ni kitanda cha mtu.

Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi, baiskeli inakwenda. Alikosea wapi? Hakukosea popote. Hapo ndipo De Sica anapoachana na Vugiri. Anamfuata tu baba huyu na mwanawe Bruno, tangu sokoni mpaka kanisani, mpaka kwa mama mmoja mpiga ramli. Antonio anamzaba mtoto kofi, kisha anajuta, anampeleka hotelini kula kwa pesa ambazo kwa kweli hana. Si malaika huyu jamaa, ni mzazi aliyechoka.

Mwisho anajaribu naye kuiba baiskeli, anakamatwa. Sisi tunaojua ukelele wa "mwizi!" unavyoweza kummaliza mtu barabarani, damu inatuganda. Wahenga walinena: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Huyu kaiba kweli, na bado moyo wetu uko upande wake. Mwenye mali anamwona mtoto akilia, anamwachia. Bruno anaushika mkono wa baba. Baiskeli haikupatikana, na sinema inaishia hapo.

Kuna watakaosema sanaa isiyofundisha haina faida. La hasha, hii inafundisha, ila haimkaripii mtu ndipo ifundishe. Katika *Umberto D.* ya mwaka 1952, mzee mstaafu ananyoosha kiganja aombe. Mpita njia anapotaka kumpa, mzee anakigeuza haraka kana kwamba anapima kama mvua inanyesha. Hotuba gani kuhusu pensheni ingesema zaidi ya kiganja kile?

Nayasema haya kwa sababu yanatuhusu sisi tunaoandika. Hadithi zetu nyingi bado ni ndugu wa sinema ya posta. Msichana kaenda mjini, kaharibikiwa, kwa kuwa hakuwasikia wazazi. Kijana kafilisika, kwa kuwa alipenda starehe. Tunamtafuta wa kulaumiwa kabla hatujamwangalia usoni. Kisha tunashangaa kwamba msomaji anafunga kitabu akiwa mkavu, eti hapendi kusoma!

Chukua kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba kati ya Bungu na Korogwe. Pikipiki imeibiwa, na tajiri bado anadai hesabu yake ya kila siku. Mkataba ulibakiza miezi mitatu. Nyumbani mkewe anatazama ndani ya chumba, anahesabu kwa macho kipi kinaweza kuuzwa. Hadithi hiyo ipo, inasubiri mwandishi. Ila atakayeianza kwa kuuliza kwa nini kijana hakufunga kufuli, huyo bado yuko Vugiri, mwaka 1935.