Chemirocha na Silinda za Newala: Wimbo ni wa Nani?

Katika semina zetu kuna suala moja ambalo huwa tunalipita juu juu. Msanii wa leo akimega kipande cha wimbo wa kale kutoka kwenye rekodi, akakitia katika muziki wake, au akakisimika katika chumba cha maonyesho watu wapite wakisikiliza, je, ameufufua wimbo au ameufukua tu? Wapo wanaosema huo ni wizi mtupu. Wapo wanaoshangilia kila kitu, mradi kina mdundo. Mimi naona pande zote mbili zimekosea swali.

Nianze na makauboi. Mwaka 1910 John Lomax alichapisha huko Marekani kitabu cha nyimbo za makauboi, baadhi akiwa amezinasa kwa mashine ya silinda za nta. Baadaye Jimmie Rodgers (aliyefariki 1933), mfanyakazi wa reli na wala si mchunga ng'ombe, akaimba za kikauboi kwenye santuri, na santuri zake zikafika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba "Chemirocha". Ni yule yule Jimmie Rodgers, ila vinywani mwao jina limegeuka, na mwenyewe amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala.

Jamani, hii nayo si sampo? Wasichana wale hawakuwa na mtambo wowote, lakini walimega kipande cha mgeni, wakakipigia kinubi chao, wakakicheza. Kwa lugha ya fasihi simulizi, fanani ni wao, hadhira ni ya kwao, na jukwaa ni lao. Hapo ndipo ulipo uhai wa wimbo huo.

Sasa tuchukue kazi ya *Temporary Stored* (2022) ya KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa jina hilo hilo. Amechota rekodi za kale za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kifani, sauti zile zinazama ndani ya mvumo mzito. Mara ya kwanza niliudhika: mbona fanani hasikiki? Baadaye nikaona kwamba dhamira imo humo humo katika fani. Sauti iliyofungiwa ughaibuni haitoki kabatini ikiwa nzima. Hata hivyo, swali la hadhira linabaki: wenye nyimbo wanasikilizia wapi?

Swali hilo linatuleta Masasi na Newala. Mwaka 1906, misheni ya Masasi ikiwa imechomwa mwaka uliotangulia katika Vita vya Maji Maji, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita hapo, kisha akapanda Uwanda wa Juu wa Makonde hadi Newala, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo, tena alihudhuria hata unyago. Silinda zake zikaenda Ujerumani. Mashine zilikuwa za aina moja na za Lomax, na miaka ni ile ile. Lakini Lomax alikusanya nyimbo za nchi yake, Weule alikuja nyuma ya bunduki.

Kwa hiyo msanii atakayezigusa silinda za namna hii hana budi kujua anagusa nini. Nyimbo za unyago zina wenyewe. Mwali hufundwa ndani, na bibi akisema wimbo huu hauimbwi mbele ya wanaume, basi hauimbwi. Wengine wataita huo ukale unaobana sanaa. Mimi naita hakimiliki, tena kongwe kuliko sheria yoyote iliyochapwa.

Kigezo ninachopendekeza kwa wahakiki wenzangu ni chepesi: kabla ya kusifu kazi, tuulize imesikika kwanza wapi. Katika miaka ya 2010 rekodi za Tracey zilirudishwa Kapkatet, wazee wakasikiliza, wakatambua. Baada ya hapo, mwenye sampo apige sampo. Nyimbo za Newala nazo zisikike kwanza Newala, na bibi awe wa kwanza kusema upi utoke na upi ubaki ndani. Bila hivyo tutakuwa tunapigia makofi mchezo ambao mwenye ngoma hakualikwa.