Tirikeza: Hesabu ya Maji Iliyowafikisha Watu Mlimani

Mlima Kasigau una urefu wa mita 1,641 na umesimama peke yake katikati ya nyika, hauna safu wala ndugu wa karibu. Msafiri anayetoka Taru kuelekea Voi, siku hewa ikiwa safi, huuona upande wa kushoto muda mrefu kabla ya kuukaribia. Kwa wapandaji si mlima wa kutisha. Kutoka vijiji vya chini hadi kileleni ni mpando wa kama mita 1,000, na mtu mwenye mapafu ya kawaida huumaliza kabla ya adhuhuri. Kinachoamua safari ni kufika chini ya mlima miguu ingali na nguvu ya kupanda, na hilo huamuliwa Taru, mahali ambapo hakuna mlima wowote wa maana.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukanda wa pwani ya Kwale hupata mvua ya kulimia minazi na mikorosho. Ukipita Kinango na Samburu mvua inapungua, miti inafupika, na kufikia Taru umeshaingia kwenye vichaka vya miba juu ya mwamba wa mchanga. Mto wa kutiririka mwaka mzima hakuna. Kilichoifanya Taru iwe kituo cha misafara ni ngurunga, yaani mashimo kwenye mwamba yanayojaa mvua ikinyesha na kuyahifadhi maji kwa muda. Kutoka hapo maji yaliyofuata njiani yalikuwa Maungu, kama kilomita 50 mbele. Msafara ulioondoka Taru haukuwa na pa kunywa hadi huko.

Njia hii ndiyo iliyowapitisha karibu wote waliotaka kuiona milima ya bara wakitokea Mombasa. Oktoba 1847 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alivuka nyika akafika Kasigau, ambao katika maandishi yake anauita Kadiaro. Aprili mwaka uliofuata alitoka tena na wabebaji wachache, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Taru akiwa na zaidi ya wapagazi 100. Hans Meyer naye alianzia safari yake Mombasa mwaka 1889, akaishia kilele cha Kilimanjaro. Vitabu huwasifu kwa waliyoyaona mwisho wa njia. Tuiangalie kazi iliyofanyika katikati.

Mzigo na mbebaji

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Tuseme mtu anayetembea juani na mzigo kichwani anahitaji lita 4 za maji kwa siku. Chukua msafara wa watu 100, na kiongozi mgeni anayeamua kuwa kilomita 50 ni mwendo wa siku mbili za mchana. Atahitaji lita 800, yaani kilo 800, mbali na uzito wa vyombo. Hiyo ni mizigo 27, hivyo aajiri watu 27 wa kubeba maji. Lakini hao nao wanakunywa: lita 216 zaidi, mizigo mingine 7. Na hao 7 wana kiu yao. Ukiifuata hesabu hadi mwisho unapata watu 37 wa ziada ambao kazi yao ni kubeba maji tu, na zaidi ya robo ya maji yote wanayanywa wenyewe. Ndiyo sababu kuongeza wabebaji hakukuwa dawa. Kila mdomo ulioongezwa ulikula sehemu ya msaada wake.

Dawa waliyokuwa nayo watu wa misafara ni tirikeza: kuondoka kwenye maji alasiri, kulala pakavu, na kuyafikia maji mengine kesho yake asubuhi. Asubuhi nzima watu wanakaa kivulini penye ngurunga, wanapika, wanakunywa hadi kutosheka, wanajaza vibuyu. Saa tisa alasiri, jua likianza kulegea, wanajitwika. Wakienda kilomita 4 kwa saa, kufikia saa tatu usiku wameshakula kilomita 24. Wanapumzika bila kupika, kwa kuwa kupika kunataka maji. Saa tisa usiku wanaamka, na saa nne asubuhi wako Maungu.

Tazama kilichobadilika. Umbali ni uleule na watu ni walewale, lakini saa za ukame zimeshuka kutoka siku mbili hadi kama saa 19, na jua kali la mchana halimo hata kidogo. Sehemu ya maji imebebwa tumboni tangu Taru. Kinachobaki ni lita 2 au 3 kwa kila mtu, na hizo zinaingia kwenye kibuyu chake. Wale 37 wa ziada hawahitajiki tena. Kiasi kikubwa cha mzigo kimeondolewa kwa kupanga saa tu.

Mbinu hiyo ilikuwa na masharti yake. La kwanza ni msimu. Ngurunga hutegemea mvua, na zikikauka hesabu nzima inavunjika kabla ya kuanza. Rebmann kuondoka mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yameanza, kulimaanisha matope na kulowa, lakini kulimaanisha pia maji kwenye mwamba. La pili ni nidhamu ya vibuyu, kwa maana anayekunywa chake chote kabla ya usiku huishia kuomba cha mwenzake. La tatu ni mkia wa msafara: waliotangulia kufika penye maji walipaswa kuwarudishia maji waliochoka nyuma. Na Maungu penyewe palikuwa na mtihani wa mwisho, kwani maji hayakuwa chini njiani bali juu kilimani. Mtu aliyetembea tangu alasiri ya jana yake alilazimika kupanda ili anywe. Ujuzi wote huu ulikuwa mikononi mwa viongozi wa wapagazi, watu kama Manwa Sera, ambaye alishawahi kufanya kazi na msafiri Stanley kabla ya kusafiri na Thomson.

Kutoka maji hadi chakula

Meyer alipofika Kilimanjaro alikutana na hesabu ileile, safari hii ya chakula na kuni. Mwaka 1887 alikuwa amepanda akakwama kwenye barafu. Mwaka 1889 alileta mambo mawili. La kwanza ni Ludwig Purtscheller, mpandaji stadi wa Alps aliyejua kuchonga ngazi katika barafu. La pili ni mpangilio wa kambi: kituo Marangu, kambi ya juu kwenye tandiko la mlima lililo kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, na wabebaji wachache wakipandisha chakula kila baada ya siku chache. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki na Wazungu hao kwenye baridi ya juu. Kwa mpango huo, walipofika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba wakagundua kilele kiko mbali zaidi, hawakulazimika kuacha. Walishuka, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Purtscheller alifungua njia kwenye barafu, na ugavi ukawapa nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Miaka 10 baadaye Taru haikuwa tena kizuizi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilivuka nyika kwa kuletewa maji ya wajenzi kwa treni yenyewe, na mwaka 1899 ikafika Nairobi. Halford Mackinder aliipanda mwaka huohuo, na tarehe 13 Septemba akafika kilele cha Batian kwenye Mlima Kenya pamoja na wapandaji wenzake, César Ollier na Joseph Brocherel. Shida yake kubwa ya ugavi ilikuwa chakula. Maji ya Taru aliyapita akiwa ameketi.

Kwa gari leo

Anayetoka Diani au Msambweni sasa hupita Kinango hadi Samburu, au huzungukia Dongo Kundu, kisha anashika barabara kuu kupitia Taru na Mackinnon Road hadi Maungu. Hapo lami inaachwa. Hadi Rukanga au Bungule, vijiji vilivyo chini ya Kasigau, ni kilomita 30 na kitu za murramu na mchanga mwekundu.

Gari limeipindua hesabu ya zamani. Lita 60 za maji kwenye buti hazina uzito wa kujadili, na tangi moja la mafuta linatosha kwenda na kurudi. Adui wa sasa ni tairi. Upepo wa psi 35 unaofaa lami hulifanya gari lirukeruke kwenye mawimbi ya murramu na kuzama kwenye mchanga. Ukishushwa hadi 25 hivi, tairi linalala zaidi chini na kusambaza uzito. Ukishushwa kupita hapo, ubavu wake unavimba nje na kukutana na vishina na miba ya migunga. Tairi la akiba lililo zima, jeki yenye kipande cha ubao cha kuiwekea chini, na pampu ya kurudisha upepo vina thamani kuliko injini kubwa. Mvua ikinyesha, kwenye udongo mweusi unaonata ni bora kusubiri kuliko kulazimisha.

Kosa la siku hizi ni la ratiba. Watu hutoka pwani alfajiri, hufika Kasigau karibu na adhuhuri, na huanza kupanda, miamba ikiwa imeshapata moto, kisha giza linawakuta wakishuka kwenye msitu wenye utelezi. Gari limewapa uwezo wa kubeba kila kitu, wakasahau kupanga saa. Mpango bora ni huu: pita Taru saa nane mchana, uwe kijijini kabla ya magharibi, kwa kuwa ushoroba huu ni njia ya tembo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi na si mahali pa kuendesha gizani. Lala kwenye mabanda ya jamii. Vijiji hivi hutumia maji ya mabomba yanayotoka kwenye msitu wa mawingu ulio juu, basi jaza hapo lita 3 kwa kila mtu. Ondoka na kiongozi wa kijijini saa kumi na mbili asubuhi. Hapo miinuko mikali utaimaliza kabla jua halijapanda, na mchana wote utabaki kwa ajili ya kushuka.