Habari za Televisheni na Mtazamaji Wake

Wengi wetu tumefundishwa kuhakiki kitabu. Tukipewa hadithi au shairi, twauliza maana yake, lugha yake na nia ya mtungaji. Lakini saa moja ya usiku inapowadia, taarifa ya habari ikaanza katika televisheni, twaketi kimya kama watu walioitwa kusikiliza hukumu. Nataka kuonyesha hapa kwamba taarifa ya habari nayo ni kazi iliyotungwa na watu, na kwamba yastahili kupimwa kama kazi nyingine yoyote.

Kwanza yafaa tujue asili ya vituo vyetu. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya. Na mwaka 1989 likarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Katika miaka ile yote taifa lilitazama kituo kimoja tu, na ilikuwa desturi taarifa kufunguliwa kwa safari na hotuba za Rais, hata siku ambayo hakuwa na neno jipya la kusema. Mwaka 1990 ilianza KTN, kituo cha kwanza nje ya shirika hilo. Baadaye vikafuata vituo vya Nation na Citizen, na leo viko vingi, hata vinavyotangaza kwa lugha za makabila yetu, kama vile Inooro kwa Kikuyu.

Lakini wingi wa vituo haukumaliza mvutano. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa mbele ya wafuasi wake katika bustani ya Uhuru, Nairobi, serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu iliamuru matangazo yarudishwe, walakini siku kadhaa zilipita kabla ya vituo hivyo kuonekana tena. Jambo hili lilitukia ingawa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, yalinda uhuru wa vyombo vya habari. Basi mtu asiseme kwamba habari ni mchezo wa kupitisha jioni. Watu hawagombanii kitu kisicho na nguvu.

Maadamu nguvu hiyo ipo, hapana budi tuulize jinsi inavyotumiwa. Muhula mmoja niliwaomba wanafunzi wangu watazame taarifa ya usiku mmoja katika kituo ambacho sitakitaja, waandike mambo mawili: kila habari imetoka wapi, na ni nani aliyepewa nafasi ya kusema. Waliporudi darasani, madaftari yao yalifanana. Habari nyingi zilitoka Nairobi, na wasemaji walikuwa wanasiasa. Mashambani palitajwa kwa ajili ya mafuriko, ajali na vifo.

Msichana mmoja, ambaye kwao ni nchi kame, akasimama akasema, "Mwalimu, ukame ulitufikia mwezi wa nne. Watu wa televisheni walitufikia mwezi wa tisa, siku ile kiongozi alipoleta unga." Darasa likanyamaza. Kisha mvulana mmoja akamjibu kwamba wasingalikuja kabisa, watu wa mbali wasingalijua. Na kwamba baada ya picha zile kuonekana, misaada mingine ilifuata. Msichana hakukana. Alisema tu kwamba katika picha zile mama yake alionekana akipokea unga, wala hakuna aliyemwuliza neno.

Nimelifikiri shauri lile mara nyingi, nami naona wote wawili walisema kweli. Kamera yaweza kuokoa watu, na papo hapo yaweza kuwafanya watu hao kuwa mapambo ya habari ya mtu mwingine. Kosa halikuwa katika kwenda kule. Lilikuwa katika kuchelewa, na katika kumpa kinasa sauti mgeni badala ya mwenyeji.

Sababu mojawapo ni gharama. Kumpeleka mwandishi na mpiga picha mbali kwataka gari, mafuta na siku kadhaa za kazi. Kuwaketisha wanasiasa wawili wabishane katika studio ni rahisi zaidi. Kituo cha binafsi huishi kwa matangazo ya biashara, na serikali yenyewe ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa matangazo hayo. Anayekulipa ni vigumu kumkaripia. Si haki, basi, kumlaumu mwandishi peke yake, ambaye aghalabu hufanya kazi njema kwa mshahara mdogo.

Ama kwa upande wa lugha, sina udhuru wa kuwatolea. Sikilizeni vitenzi. "Wakazi wamefurushwa." "Kijana amepigwa risasi." "Bei imepandishwa." Sarufi yetu yaiita hii kauli ya kutendwa, nayo ina kazi yake njema wakati mtendaji hajulikani. Lakini mtendaji anapojulikana na akafichwa, sentensi imekuwa pazia. Mwanafunzi aliyejifunza kauli hii darasani ana silaha mkononi: na aulize kila mara, na nani?

Kadhalika, watangazaji wengine husema "mwisho wa siku" wakieleza jambo la asubuhi, kwa kuwa wamefikiri kwa Kiingereza wakatamka kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba. Taarifa ya saa moja si kivuli cha ile ya Kiingereza ya saa tatu. Bibi asiyejua Kiingereza hana taarifa nyingine ya kungojea. Hiyo ndiyo yake, naye anastahili kupewa iliyo kamili.

Siku hizi wengi wenu hutazama habari katika simu, vipande vipande, wala hamngoji saa moja. Hata hivyo maswali ni yale yale. Habari hii imetoka wapi? Ni nani aliyesema, na ni nani aliyeonyeshwa bila kusema? Mtendaji ametajwa au amefichwa? Kesho mtapiga kura, na baadhi yenu mtaketi wenyewe katika viti vya watangazaji. Siku hiyo mkifika penye ukame, mwulizeni kwanza yule mama.