Jina la Marehemu: Utambulisho wa Bandia katika "The Day of the Jackal" Ukitazamwa kutoka Ukambani

Filamu ya The Day of the Jackal, iliyoongozwa na Fred Zinnemann mwaka 1973 kutokana na riwaya ya Frederick Forsyth ya mwaka 1971, husifiwa mno kwa taharuki yake. Sifa hiyo ina ajabu ndani yake, maana mtazamaji ajua tangu mwanzo kuwa Jenerali de Gaulle hakuuawa mwaka 1963. Alifariki nyumbani kwake mwaka 1970. Taharuki basi haitokani na hatima ya rais. Yatokana na swali la nani hasa huyu muuaji wa kukodiwa. Hapo wahakiki wengi huishia kumsifu kwa ujanja, kana kwamba majina anayojipa ni mavazi tu.

Jackal, anayeigizwa na Edward Fox, hujibadili mara tatu. Jina la kwanza, Paul Oliver Duggan, analiokota makaburini Uingereza: ni la mtoto aliyefariki angali mdogo. Kwa jina hilo anaomba cheti cha kuzaliwa, na kwa cheti anapata pasi halali ya serikali. La pili analipata kwa kumwibia pasi mwalimu kutoka Denmaki, Lundquist. Mwisho anakuwa askari mkongwe wa Kifaransa aliyekatwa mguu, na bunduki imefichwa ndani ya gongo lake. Anaanza kwa kumwibia marehemu, kisha aliye hai, hatimaye anaughushi mwili wake mwenyewe.

Kamera yapita makaburini kwa haraka. Mtazamaji aliyelelewa Kitui au Makueni angesimama papo hapo. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui (1931), aeleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba kwa jadi ya Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni kiimu, kitu cha mizimu. Jina ndilo mlango wa kuingilia utu. Isitoshe, mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa aweza kuitwa Mbiti, yaani fisi, ili mauti yamdharau na kumpita. Hilo nalo ni jina la kuficha, tena la mnyama, ila ladanganya mauti ili mtoto aishi. Mbweha wa Forsyth ageuza mambo: achukua jina la mtoto aliyekufa ili akaue. Wakamba pia hurudisha majina ya wazee kwa wajukuu, lakini kwa njia ya ukoo na kwa ridhaa yake. Jackal ni wajina asiye na ukoo, na filamu haiulizi hata mara moja wazazi wa Duggan wangesema nini. Huo ni upungufu wa maudhui, wala si wa fani.

Yashawishi kumlinganisha na eimu, zimwi la ngano za Kikamba, linalojigeuza kijana mtanashati likaposa msichana ngomani. Ulinganisho huo wafaa, ila una mpaka. Eimu hufichuliwa na maumbile yake: ulafi wake wa nyama haufichiki. Jackal hana umbile la kumfichua. Adui yake ni karatasi: kadi za wageni zinazokusanywa hotelini kila usiku na kupelekwa kwa polisi, ambazo Lebel huzipekua kwa subira ya karani. Katika ngano mwili ndio unaosema kweli. Katika filamu mwili hukubaliwa bila swali, na ndiyo maana polisi amruhusu kiguru wa uongo apite.

David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alipoandika The Equatorial Assignment (1980) alimwita jasusi wake Benni Kamba, nambari 009. Nambari ni ya kuazima, na haikufichwa kuwa ya kuazima. Jina la pili, hata hivyo, ni la kabila zima. Hata katika utanzu unaodai kujificha, mwandishi hakukubali shujaa asiye na kwao. Wanaoidharau kazi hiyo kuwa ni mwigo wa James Bond wangefaa kulitafakari jina hilo kabla ya kuihesabu nambari.

Filamu yenyewe yamalizia kwenye swali lile lile. Polisi wamemshuku Charles Calthrop, kwa kuwa herufi tatu za mwanzo za kila jina lake zaunda neno la Kifaransa la mbweha. Calthrop wa kweli anatokea nyumbani kwake, hai, akishangaa wapelelezi waliojaa chumbani. Muuaji azikwa bila jina juu ya kaburi lake. Kwa hesabu ya Mulango amerudi kuwa kiimu, na Duggan, ambaye jina lake lilizunguka Ulaya pasi yeye kujua, bado amelala alipolazwa na wazazi wake.