Mtangazaji ni Mwenyeji: Kwa Nini Huyu Tunamtazama na Yule Tunamzima?

Utangulizi

Kila tunapofika kwenye mada ya Kiswahili katika vyombo vya habari, wanafunzi wetu huuliza swali moja: ni mtangazaji gani mwenye Kiswahili bora? Swali hilo ni zuri, lakini makala haya yanakusudia kulitanguliza jingine: ni mtangazaji gani anayetazamika? Maswali haya mawili si mamoja. Yupo msomaji wa habari ambaye ngeli zake zimenyooka na matamshi yake hayana dosari, na bado mtazamaji huishika rimoti kabla habari ya pili haijaanza. Yupo mwingine anayechanganya lugha, anayekatiza sentensi zake mwenyewe na kucheka, na nyumba nzima hunyamaza ili imsikie. Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kumsifu wa kwanza na kumsahihisha wa pili, na aghalabu hatujiulizi watazamaji wameona nini.

Hoja yangu ni kwamba mtangazaji anayependeza ni yule anayefanya kazi ya mwenyeji. Mwenyeji hukaribisha, huuliza hali, husikiliza jibu, huwagawia wageni nafasi ya kusema, wala hamsahau aliyeketi pembeni. Katika televisheni, huyo wa pembeni ni mtazamaji. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kwamba mtazamaji hujenga urafiki wa namna fulani na mtu wa kwenye televisheni, japokuwa mtu huyo hamjui. Urafiki huo hauji kwa ufasaha peke yake. Huja kwa adabu ya mazungumzo, na adabu hiyo Mswahili yeyote aliyekulia karibu na baraza anaijua.

Hapa kwetu Kampala

Tuanze na kipindi ambacho wasomi wengi hukidharau hadharani, huku nyumbani wakikitazama. Bukedde TV ilianza mwaka 2009 chini ya Vision Group, na habari zake za Kiganda zinaitwa Agataliiko Nfuufu, yaani zisizo na vumbi, habari mbichi. Hapo utaona mume na mke waliofikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, kiwanja kinachogombaniwa na ndugu, mwizi aliyenaswa juu ya paa. Lawama dhidi ya kipindi hiki ni za haki: picha nyingine hazifai mbele ya watoto, na masikini huanikwa aibu zao bila ya kuwa na wa kuwatetea. Lakini tusikilize namna habari inavyosimuliwa. Msimulizi hasomi taarifa. Anamwambia jirani yake jambo lililotokea mtaa wa pili. Anatia methali, anashangaa, anauliza swali na kuacha kituo kidogo, kana kwamba wewe uliyeko kwenye kochi utajibu. Na wengi hujibu!

Ufundi huo una ndugu yake katika vibanda vya video. VJ Jingo na wenzake walijipatia jina kwa kufasiri filamu za kigeni kwa Kiganda huku filamu ikiendelea. Hawafasiri kila neno. Humpa mwigizaji jina la utani, huuleta mji wa Marekani karibu na Owino, humkemea jambazi. Mwalimu wa tafsiri angewapa alama chache kwa uaminifu wa matini, lakini kwa kumjua anayesikiliza wangepata zote.

Upande wa mijadala tunayo kumbukumbu ya Ekimeeza. Neno lenyewe ni la kutufurahisha sisi wa Kiswahili, maana ndani yake mmekaa ‘meza’ yetu, iliyoingia Kiganda na kupewa kiambishi cha ukubwa: meza kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Radio One ilirusha mjadala huo kutoka Club Obbligato, na redio nyingine zikaiga, hadi serikali ilipoipiga marufuku mijadala ya aina hiyo mwaka 2009 baada ya ghasia za Septemba. Ilikuwa redio, naam, lakini ilituonyesha utamu wa mjadala unatoka wapi. Msemaji aliwakabili watu waliokuwa mbele yake. Akichosha, waliguna; akisema neno, walipiga makofi. Alijifunza papo hapo.

Katika mijadala ya studioni, kama The Frontline ya NBS, mwanajopo hana umati wa kumguna. Hapo mzigo wote unamwangukia mwendeshaji. Akiwa imara, utasikia hoja ikijibiwa kwa hoja. Akilegea, wanne watasema kwa pamoja, na mtazamaji hatabakiwa na kitu ila kelele. Wataalamu Sacks, Schegloff na Jefferson walieleza mwaka 1974 jinsi wazungumzaji wanavyopeana zamu. Wanafunzi hukariri nadharia hiyo kwa ajili ya mtihani. Ningependa waitazame usiku wa mjadala, wakihesabu ni mara ngapi mwendeshaji ameokoa zamu ya mtu aliyekuwa amemezwa.

Hatuwezi kupita bila kumtaja marehemu Shaka Ssali, aliyejiita kijana wa Kabale. Aliendesha Straight Talk Africa ya Sauti ya Amerika kuanzia mwaka 2000 hadi alipostaafu mwaka 2021, na akafariki Machi 2025. Kiingereza chake kilikuwa cha mbwembwe, na wako waliomcheka. Hata hivyo watu walimtazama kwa zaidi ya miaka 20. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, kisha akamuuliza swali gumu, kisha akangoja. Kungoja ni kazi. Watangazaji wengi wachanga huogopa kimya, na wakiona mgeni anafikiri humtupia swali la pili, na jibu la la kwanza likapotea.

Majirani waliotutangulia

Kwa upande wa Kiswahili, mwalimu wa wote ni marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 na kikadumu kwa miongo mingi. Mpango wake ni mwepisi: anaeleza kitendo cha mtu, kwa mfano mgeni anayefika saa ya chakula kila siku, kisha anakuuliza wewe kama huo ni uungwana. Hukumu anakuachia. Msikilizaji anafanywa mzee wa baraza, na nani hapendi kuulizwa ushauri?

Tutazame pia Lulu Hassan na Rashid Abdalla, mke na mume walioanza kusoma habari za Kiswahili pamoja kwenye Citizen TV mwaka 2018. Wapo wanaodhani mvuto wao ni ndoa yao tu. Ndoa inasaidia, lakini wenzi wangapi wangeweza kukaa meza moja ya habari bila ya kumchosha mtazamaji? Nionavyo mimi, siri iko katika kupokezana. Mmoja anaposoma, mwingine anasikiliza kwa uso, hajishughulishi na karatasi zake. Na Kiswahili chao cha pwani kinatoka kinywani kama kitu cha kila siku, si kama vazi la sherehe.

Kwa majopo, mfano mwema ni Bongo Star Search ya Tanzania katika miaka yake ya mwanzo, pale walipoketi pamoja Rita Paulsen, Master J na Salama Jabir. Master J alikuwa mtayarishaji wa muziki, hivyo alisikiliza sauti. Madam Rita alikuwa mwenye shughuli, na Salama ndiye aliyesema bila ya kuzunguka kile ambacho watazamaji walikuwa wakinong’ona. Tulitazama ili tujue watatofautiana wapi. Jopo la watu watatu wanaokubaliana ni mtu mmoja aliyekalia viti vitatu. Lakini hapa pana mpaka. Vipindi vya namna hii hupata kicheko cha bei nafuu kwa kuwaonyesha vijana wasiojua kuimba. Mwenyeji anaweza kumwambia mgeni ukweli. Kumcheka mgeni ni jambo jingine, na mtazamaji mwenye moyo huona haya kwa niaba ya aliyemwalika.

Kiswahili chetu na sura yake

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi, walimu na wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda? Kwa sababu lugha yetu hapa ina deni la zamani. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi wa umri wa wazazi wetu Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: toa kitambulisho, lala chini. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, likapendekeza pia kiwe somo la lazima shuleni. Hatua hizo ni njema, lakini mapenzi hayaletwi na sheria. Mtu huipenda lugha aliyochekea ndani yake, na kwa Mganda asiyekaa na Waswahili, mahali pa kuchekea ni televisheni.

Sasa tujiulize Kiswahili kinachosikika katika televisheni zetu kina sura gani. Tuchukue sentensi ya kubuni, ila ya aina tunayoisikia mara kwa mara: ‘Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na wizara husika, bei ya mafuta imeshuhudia ongezeko kubwa.’ Bei haina macho. Haiwezi kushuhudia kitu. Sentensi hiyo imevaa Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza. Mwenyeji angesema: ‘Mafuta yamepanda tena. Wizara imetoa sababu zake, tutazisikia. Lakini wewe unayepanda boda asubuhi, jiandae.’ Sentensi hizi ni sanifu pia. Tofauti ni kwamba ndani yake yumo mtu anayeambiwa.

Wapo watakaosema kuwa tukifuata ladha ya watazamaji viwango vitashuka. Sikubaliani nao. Mbotela hakuharibu Kiswahili, wala wasomaji wa Citizen niliowataja hawakiharibu. Usanifu haumfukuzi mtazamaji. Kinachomfukuza ni kusomewa na mtu asiyejua anamsomea nani, na kosa hilo lina asili yake darasani kwetu. Mtihani wetu wa mazungumzo, kwa kweli, ni mtihani wa kusoma kwa sauti. Mwanafunzi hutoa hotuba aliyoiandika nyumbani, sisi tunahesabu makosa ya upatanisho, na hakuna anayemjibu.

Hitimisho

Napendekeza kwa idara kwamba sehemu ya mtihani huo iwe mjadala wa dakika 15. Mwanafunzi mmoja aendeshe, watatu wawe wanajopo, waliobaki wawe watazamaji. Upatanisho wa kisarufi ubaki na alama zake. Alama nyingine zitolewe kwa swali lililozaliwa na jibu la mgeni, si lile lililoandikwa jana. Kwa kumtafutia nafasi mwanajopo aliyenyamaza. Kwa kumzuia msemaji bila ya kumvunjia heshima. Na kwa kufunga kwa wakati. Watazamaji wapewe karatasi, kila mmoja aandike dakika ambayo angebadili chaneli, na sababu yake. Walimu watakaolijaribu zoezi hili muhula ujao nawaomba wazihifadhi karatasi hizo, ili tuzilinganishe kikaoni na alama tulizotoa sisi.